UZI MAALUMU: Ikolojia ya uani – mtoto ajifunze kwa kuchimba, kupima na kuhesabu

#1 – UdongoHai

Wakuu, heshima zenu.

Uzi huu ni wa wazazi, walezi na walimu wanaotaka mtoto aishike ikolojia kwa mikono yake, badala ya kukariri "mzalishaji, mlaji, kiozeshi" halafu basi. Vifaa vinapatikana nyumbani au dukani kwa Mangi: kamba, vikopo, ndoo, rula, daftari.

Naanza na jambo ambalo kila zoezi litalitegemea. Mtoto akizungushwa uani akaonyeshwa kipepeo hapa na jongoo pale, atafurahi na kesho atasahau. Ikolojia ni uhusiano wa viumbe na mazingira yao, na uhusiano hauonekani kwa kupita mara moja. Chagueni kipande kidogo cha ardhi, mkirudie siku ileile ya wiki, saa ileile, kwa kipimo kilekile, na pembeni yake pawe na kipande cha kulinganishia.

Mraba usiofagiliwa

Nyua zetu nyingi hufagiliwa kila asubuhi hadi ubaki mchanga mtupu. Hapo nusu ya jaribio mnayo tayari. Pimeni miraba miwili ya sentimita 50 kwa 50, iachane kwa mita moja, yote ipate jua la aina moja. Kila kona kigingi cha sentimita 20, zungusheni kamba ya katani. Mraba mmoja uendelee kufagiliwa kama kawaida. Wa pili usiguswe na fagio kwa wiki 8.

Kwa kuhesabu, tengenezeni fremu moja ya fito nne zenye nafasi ya sentimita 50 kwa 50 ndani, halafu funga nyuzi kila baada ya sentimita 10, wima na mlalo. Mnapata vyumba 25, na kila chumba ni asilimia 4 ya mraba. Fremu hiyo inalazwa juu ya mraba mmoja, kisha inahamishiwa wa pili. Kila Jumamosi saa 2 asubuhi mtoto aandike: vyumba vingapi vina majani makavu, vingapi vina mche uliochipua, matundu mangapi ya sisimizi. Saa 8 mchana, chomekeni kipimajoto cha kawaida sentimita 5 ndani ya udongo wa kila mraba, subirini dakika 3, someni.

Wiki mbili za mwanzo hakuna kikubwa. Msikate tamaa, wala msiongeze kitu ili mambo "yachangamke". Mvua ya kwanza ikigusa, mraba usiofagiliwa unaanza kushika: majani yanazuia maji yasikimbie, mbegu zilizokuwa zinazolewa na fagio zinabaki, udongo wa chini unakuwa na joto dogo zaidi mchana. Hapo ndipo mumuulize mtoto sisimizi wamefuata nini, mbegu au kivuli.

Yanayoharibu zoezi hili ni manne. Kuku, kwa hiyo zungushieni matawi ya miiba. Mtu kufagia kwa mazoea, kwa hiyo fungeni kitambaa chekundu kwenye vigingi. Mraba mmoja kuwa chini ya mti na mwingine juani, maana hapo hamtajua kama tofauti imeletwa na fagio au kivuli. Na mtoto kuhesabu sisimizi wanaokimbia: hesabuni matundu, sisimizi hawahesabiki.

---

#2 – MamaWatatu

Mwalimu, ahsante. Mchana mraba unaonekana mtupu kabisa, wadudu wengi watakuwa wa usiku. Hao wanaonwaje? Na mtoto wa miaka 5 ataweza kweli?

---

#3 – UdongoHai

Dada, hao wanahitaji mtego wa kopo. Chukua vikombe vya plastiki vya mililita 250–300, viwili viwili. Chimba shimo, tia vikombe viwili kimoja ndani ya kingine, jaza udongo pembeni hadi mdomo wa kikombe ulingane na ardhi. Hapo ndipo wengi wanakosea. Ukibaki umejitokeza hata milimita 3, mdudu anaugonga, anageuka pembeni na kwenda zake, na asubuhi utasema uani hakuna wadudu. Sababu ya vikombe viwili ni kwamba unatoa cha ndani bila shimo kubomoka.

Weka majani makavu mawili matatu ndani ili waliotumbukia wapate pa kujificha. Funika juu kwa kipande cha kigae kilichoinuliwa na vijiwe vitatu, kibaki kimeachana na ardhi kwa sentimita 2. Kinazuia mvua na jua la asubuhi. Usiweke maji wala sabuni, tunataka warudi kwao wakiwa hai. Tega saa 12 jioni, fungua kabla ya saa 1 asubuhi. Ukichelewa, jua linawaua na sisimizi wanawala wenzao waliokwama, kisha mtoto anahesabu miguu mitupu.

Tega vitatu kwenye kila mazingira: vitatu kichakani, vitatu penye mchanga uliofagiliwa. Kimoja kimoja hakitoshi, kwani kikombe kinaweza kuwa kimekaa njiani pa sisimizi na kikakudanganya.

Usalama: nge na tandu huingia. Kopo linamiminwa kwenye sinia jeupe na mtu mzima, na mtoto anaangalia kwa macho. Mkono hauingii kikombeni kamwe. Mkimaliza, toa vikombe na ufukie mashimo. Mtego uliosahauliwa unaua kila usiku.

Umri: miaka 5 anachambua kwa makundi ya macho, yaani miguu 6, miguu 8, miguu mingi, bila miguu. Anaweka kokoto moja kwa kila mdudu. Miaka 8 anachora nguzo za hesabu kwenye daftari la miraba. Miaka 11 na kuendelea aulizwe: kwa nini buibui ni wachache kuliko sisimizi? Anayekula wenzake lazima awe na wenzake wengi wa kula. Hiyo ndiyo piramidi ya chakula, ameipata kwenye sinia.

---

#4 – Nyungunyungu_Moro

Niongezee upande wa uozaji, kwa sababu ndio unaosahaulika na ndio unaoendesha kila kitu. Mazoezi mawili.

Kwanza, vifuko vya majani. Swali: nani anaozesha jani, wadudu tunaowaona au viumbe tusiowaona? Chukua majani ya mwembe yaliyodondoka yenyewe, yaanike hadi ukiyakunja yanavunjika (juani siku 2 au 3). Pima gramu 10 kwa kila kifuko. Vifuko ni vya aina mbili: nusu vya wavu wa vitunguu, wenye matundu makubwa, na nusu vya kipande cha chandarua, wenye matundu madogo. Vyote sentimita 15 kwa 15, vimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Uzi wa pamba usitumie, utaoza na kifuko kitafumuka.

Tengeneza 12: aina 2 za wavu, kutolewa mara 3 (wiki ya 2, ya 4 na ya 8), na kila mara viwili viwili. Vilaze chini ya kivuli, vifunike kwa udongo sentimita 3 na majani juu, funga kamba yenye alama ili kila kimoja kijulikane. Ukikitoa, mimina majani kwenye chujio, suuza taratibu kwa maji kidogo, anika tena hadi yakauke kama mwanzo, ndipo upime. Gramu 10 zikibaki 6, kilichopotea ni asilimia 40.

Majibu ya ajabu huja kwa sababu mbili. Udongo uliogandia kwenye jani unaongeza uzito, hata unaweza kupata gramu 11 kutoka kwenye 10. Pia jani lililopimwa likiwa na unyevu. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja inatosha, ila ile ndogo ya kupimia vito ni bora zaidi. Msio na mizani: kata kila jani vipande vya sentimita 2 kwa 2, weka 50 kwa kila kifuko, mwisho hesabu vilivyobaki vizima, vilivyotobolewa na vilivyopotea.

Mkitaka kuona tofauti ya haraka, tengenezeni seti nyingine ya majani ya mlonge. Ni laini na yana naitrojeni nyingi, yataisha wakati ya mwembe hata rangi hayajapoteza. Na mchwa wakigundua wavu wa vitunguu, wiki ya pili utakuta udongo mtupu ndani. Zoezi halijaharibika. Mtoto aandike "mchwa" na achore njia zao za udongo.

Pili, ndoo ya mboji. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko. Msumari uliopashwa moto jikoni, toboa matundu 12 chini na mistari miwili ya matundu 12 ubavuni (kazi ya mtu mzima). Iweke juu ya matofali mawili, beseni chini. Tabaka la kwanza vijiti sentimita 5. Baada ya hapo kila kikombe kimoja cha mbichi (maganda ya ndizi, mabaki ya mchicha, majani ya chai) kiende na vikombe viwili vya vikavu: majani, maranda, trei za mayai zilizochanwa. Viganja viwili vya udongo wa chini ya mti ndiyo mbegu ya viozeshi, yaani viumbe vidogo vinavyoozesha mabaki. Geuza kila baada ya siku 3 au 4.

Kipimo cha unyevu ni kukamua kwa mkono. Litoke tone moja au mawili. Likitiririka, kuna maji mengi na hewa imekosekana, ndiyo maana inanuka kama yai viza. Ongeza maranda, geuza. Ikinuka kama mkojo, mbichi zimezidi. Ikijaa sisimizi, ni kavu mno. Machicha ya nazi yawe kidogo sana, yanashikana na kuziba hewa. Majivu kijiko kimoja kwa wiki, yasizidi. Nyama, samaki na mafuta visiingie.

Watoto wengi husoma kwamba mboji hupata joto la nyuzi 55 hadi 65, kisha wanapima ndoo na kukuta imezidi hewa ya nje kwa nyuzi chache tu. Ndoo ni ndogo, joto linakimbia kupitia kuta. Joto lile ni la lundo la kama mita moja kila upande. Pimeni badala yake kimo kila wiki kwa rula. Mkiacha kuongeza, kinashuka mbele ya macho. Muulize mtoto: kimekwenda wapi? Sehemu kubwa imepumuliwa hewani ikiwa kabonidayoksaidi. Viozeshi vinapumua kama sisi. Na msitumie kipimajoto cha homa, kile hakivuki nyuzi 42.

---

#5 – AfyaYaMtaa

Mkuu Nyungunyungu, maelezo mazuri sana, ila hapo kwenye chandarua nakuomba urekebishe. Vyandarua tunavyogawiwa vina dawa ya kuua wadudu kwenye nyuzi zake. Ukishona kifuko cha majani humo, umeweka sumu kwenye jaribio: wadudu wadogo watakufa au watakikimbia, na mtoto atahitimisha kwamba hawana kazi katika uozaji. Dawa hiyo ni kali pia kwa samaki na viumbe vya majini, kwa hiyo chandarua chakavu kisitumike wala kuoshwa kwenye bwawa au kijito. Halafu matundu yake ni mapana kiasi cha milimita moja na zaidi, wadudu wadogo wa udongoni wanapita tu.

---

#6 – Nyungunyungu_Moro

Ni kweli kabisa mkuu, nashukuru. Wakuu, mahali niliposema chandarua wekeni kitambaa cha shela cha pazia, kile chepesi cha polista kinachopitisha mwanga. Hakiozi, hakina dawa, na matundu yake ni madogo kuliko ya chandarua. Kifueni mara moja bila sabuni kabla ya kushona.

Kwa kuwa tumefika kwenye vitambaa: zikeni pia vipande vinne vya sentimita 10 kwa 10, kina cha sentimita 10, kwa wiki 6. Khanga ya pamba tupu, shela, gazeti, na mfuko mbadala ule unaofanana na kitambaa tuliouzoea tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Mtoto atabiri kabla ya kuzika, aandike. Watoto wengi hutaja mfuko mbadala kuwa utaoza kwa sababu unaonekana kama nguo. Hautaoza. Umetengenezwa kwa polipropilini, ambayo ni plastiki. Wiki 6 zikiisha utatoka mzima, wakati khanga iko matobo matobo ikiwa udongo una unyevu na uhai. Khanga ikitoka nzima, udongo wenu ni mkavu au umechoka, na hilo nalo ni jibu.

---

#7 – Ghorofa_ya_Nne

Wakuu, wanaoishi ghorofani bila hata futi moja ya ardhi wafanyeje?

---

#8 – UdongoHai

Mkuu, balkoni inatosha. Zoezi linalofaa zaidi hapo ni chupa tatu za mmomonyoko.

Chupa tatu za maji za lita 1.5, zilaze. Kata dirisha la sentimita 7 kwa 20 upande wa juu. Kila moja jaza udongo uleule, gramu 700, uushindilie kwa kijiko hadi ubaki chini kidogo ya usawa wa mdomo wa chupa. Ya kwanza iache tupu. Ya pili funika kwa majani makavu sentimita 2. Ya tatu ipandwe ulezi mzito, kijiko kimoja cha chakula cha mbegu, siku 14 kabla, ili mizizi ishike. Ondoa vifuniko, weka kitabu chini ya kitako ili mdomo uinamie chini, na chini ya kila mdomo glasi inayoonyesha ndani.

Mvua mnaitengeneza: chupa nyingine ya nusu lita, kifuniko kimetobolewa matundu 8 kwa sindano ya kushonea. Nyunyiza mililita 500 kutoka kimo cha sentimita 30 kwa mwendo uleule, kama dakika mbili kwa kila chupa. Pima maji yaliyotoka kwa chupa ya kunyonyeshea mtoto, ile yenye alama za mililita. Linganisheni wingi, rangi, na muda ambao tone la kwanza limechukua kutoka. Acheni glasi zitulie usiku kucha, asubuhi pimeni kimo cha tope chini. Udongo ukijazwa kupita mdomo, chupa zote zitatoa tope na hamtaona tofauti. Ulezi ukiwa na siku 5 tu, mizizi haijashika, unaporomoka wote.

Jioni, taa ya balkoni ni mlolongo wa chakula unaojileta wenyewe: taa, wadudu, mjusi kafiri. Hesabuni dakika 10 wadudu walio ndani ya duara la mwanga ukutani na mijusi waliopo, usiku mmoja kwa taa nyeupe, usiku unaofuata kwa taa ya njano, mkibadilishana kwa siku 6. Andikeni kama kuna mbalamwezi au mvua, vyote viwili hubadili idadi.

Kipima mvua hakifai chini ya paa. Kama mna ruhusa ya kwenda juu ya jengo, sawa. Chupa ya lita 1.5 hukatwa mabega yanapoishia, juu yake hugeuzwa kuwa faneli. Tatizo lake ni kwamba kitako na ubavu wa chupa vina mikunjo, rula inadanganya. Pimeni maji kwa bomba la sindano badala yake. Faneli yenye kipenyo cha sentimita 8.5 ina eneo la sentimita za mraba 56.7, kwa hiyo kila mililita 5.7 ni milimita 1 ya mvua. Someni saa 3 asubuhi kila siku, siyo pale mnapokumbuka, maana jua hupunguza maji. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa kila mita ya mraba. Paa la mita 6 kwa 5 likipigwa na mvua ya milimita 20 limepokea lita 600. Mwacheni mtoto apige hesabu hiyo mwenyewe, kisha aulize maji yale yamekwenda wapi.

---

#9 – Mkokoni_Tanga

Wa pwani tusisahau darasa letu. Kwanza mtoto ajifunze mwezi, kwa sababu bila mwezi huwezi kupanga safari. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji yanajaa sana na kutoka sana, tofauti inaweza kupita mita 3. Katikati yake ni maji mafu. Kwetu siku za bamvua maji hutoka karibu saa 4 hadi saa 5 asubuhi, muda mzuri kwa watoto. Ingieni saa moja kabla ya maji kufika chini kabisa, na maji yakigeuka nanyi mgeuke.

Vuteni kamba ya mita 50 kutoka nchi kavu kuelekea baharini, fundo kila mita 5. Kwenye kila fundo lazeni fremu ya mwalimu UdongoHai: mti gani uko karibu, matundu mangapi ya kaa, mizizi ya kupumulia mingapi. Mpangilio utajichora wenyewe daftarini. Mlilana husimama mbele baharini, mkoko wenye mizizi ya kuegemea iliyopinda kama matao hufuata kwenye tope, mkandaa nyuma yake, na mchu utaukuta hata upande wa nchi kavu kwenye chumvi kali.

Mtoto alambe jani la mchu. Lina chumvi, kwa sababu mti unaitoa chumvi kupitia jani. Jani la mkoko halina ladha hiyo, mkoko huizuia chumvi mizizini. Miti miwili, tope moja, njia mbili za kuishi.

Chipukizi la mkoko lililodondoka, refu lenye umbo la penseli nono, linaweza kukuzwa nyumbani. Usilichume mtini. Chupa ya lita 2 iliyokatwa juu, tope sentimita 12, chomeka theluthi moja ya urefu, ncha kali chini. Kuzeni mawili: moja maji ya bomba, jingine maji ya bahari. Yote yanaweza kukua, na watoto hushangaa kwamba mkoko hauhitaji chumvi, unaivumilia tu. Kosa la kila mtu ni kuongeza maji ya bahari yakipungua. Kinachopotea kwa jua ni maji, chumvi inabaki. Ukiongeza ya bahari tena na tena, unaipika mikoko kwenye brini, yaani maji ya chumvi kali. Ongeza maji ya bomba hadi usawa uleule wa mwanzo.

Viatu vya kufunga ni lazima. Kombe lenye umbo la koni lisishikwe likiwa na mnyama ndani, baadhi yao wana sumu inayoua. Jiwe ukilipindua lirudishe lilivyokuwa, waliokaa chini yake wanakufa kwa jua.

---

#10 – AfyaYaMtaa

Maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, nayo yana mafunzo mengi, ila yana masharti.

Watoto wasiingie kwenye mabwawa, mitaro wala majaruba kukusanya viumbe. Kichocho huingia kupitia ngozi, na konokono wa maji baridi ndio wanaokibeba. Mtu mzima achote kwa kata yenye mpini mrefu, avae glavu za mpira, kisha ndoo ikae saa 48 imefunikwa kabla mtoto hajaikaribia. Vijidudu vya kichocho vilivyokwisha kutoka kwenye konokono havimalizi muda huo vikiwa hai. Konokono watolewe siku ya kwanza, la sivyo wanaendelea kuvitoa.

Zoezi: viluwiluwi wa mbu. Chupa mbili za jemu, kila moja maji nusu na viluwiluwi 20. Moja ongeza mtoto mmoja wa kereng'ende kutoka kwenye ndoo ile. Funikeni zote mbili kwa shela na mpira wa kubania tangu dakika ya kwanza. Hesabuni asubuhi na jioni kwa siku 3. Wakati huohuo mtoto aangalie mkao: kiluwiluwi wa mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji, wale wa mbu wengine huning'inia kichwa chini wakipumua kwa mrija wa mkiani.

Siku ya 4 zoezi liishe. Kwenye joto letu yai huweza kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10, na viluwiluwi mliowachukua walikwisha kukua tayari. Mwageni kwenye mchanga mkavu juani, siyo kwenye mtaro. Kisha sugueni kuta za chupa kwa brashi. Mbu anayeeneza dengi hubandika mayai ukutani mwa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo hukaa miezi mingi makavu yakisubiri maji. Suuza ya haraka haiyatoi. Kereng'ende arudishwe alikotoka.

---

#11 – MamaWatatu

Nashukuru sana wote. Kuna kitu cha kuonyesha uchavushaji? Kila kitabu kinasema "nyuki huchavusha", mtoto anauliza tunajuaje.

---

#12 – Nyungunyungu_Moro

Dada, panda maboga. Ua la kike na la kiume ni tofauti, na makubwa kiasi cha kushikwa na mtoto. La kike lina kiboga kidogo chini ya petali, la kiume lina kikonyo kitupu. Ya kiume hutangulia kwa siku kadhaa, hata wiki, kwa hiyo usidhani mmea ni mgumba.

Jioni tafuta maua ya kike yatakayofunguka kesho: ncha zake zimeanza kuwa njano, bado yamefumba. Chagua sita. Manne yavalishe mfuko mdogo wa kaki, funga shingo kwa uzi bila kukaza. Asubuhi kati ya saa 12 na saa 2, fungua mawili kati ya hayo manne, chuma ua la kiume, ondoa petali, paka unga wake katikati ya ua la kike, kisha livalishe tena. Mengine mawili yabaki kwenye mifuko bila kuguswa. Mawili ya mwisho hayakuvalishwa tangu mwanzo, ni ya nyuki. Mifuko itoke siku ya tatu. Ndani ya wiki moja hivi yale yasiyochavushwa yatageuka njano na kudondoka, yaliyopakwa yataanza kuvimba.

Ukichelewa hadi saa 4 asubuhi ua linafumba, na unga umekwisha nguvu. Mvua ikilowesha mfuko, ua linaoza, rudia. Yakidondoka hata yaliyopakwa, angalia kama mmea tayari una maboga mengi. Huwa unatupa mengine kwa kukosa chakula cha kuyalea.

Asubuhi hiyohiyo mtoto akae mbele ya ua moja dakika 10, ahesabu wageni: nyuki wakubwa, nyuki wadogo wasiouma, mbawakawa, sisimizi. Sisimizi awaandike kivyao, anayetembea tu ndani ya ua la kike hajaleta unga.

---

#13 – UdongoHai

Dada, hilo la maboga ndilo jibu la "tunajuaje". Niongeze mawili, la kwanza kuhusu daftari.

Safu ziwe tano: tarehe na saa, hali ya hewa, mahali, idadi, na "nilichoona". Mtoto akikosa kitu aandike 0, asiache wazi. Nafasi wazi haisemi kama alihesabu akakosa au hakuhesabu. Na utabiri uandikwe kwa kalamu ya wino kabla ya kipimo, usifutwe hata ukikosewa.

La pili, walio Dar, Zanzibar, Tanga na Mombasa: anzeni hesabu ya ndege ya dakika 10 kila Jumapili saa 1 asubuhi, dirisha lilelile. Safu mbili tu, kunguru wa India na ndege wengine wote. Kunguru hao waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili wale takataka, na leo wanakula mayai na makinda ya ndege wetu. Kunguru wetu wa asili ana kifua na shingo nyeupe, msiwachanganye. Hesabuni wiki 4 kama mlivyo, kisha wiki 4 takataka zote zikiwa kwenye pipa lenye kifuniko. Kosa la kawaida ni kumhesabu kunguru mmoja anayezunguka mara tano. Andikeni idadi kubwa zaidi mliyoiona kwa mara moja, msijumlishe.